Kiingereza cha Mama Mdogo

Darasa langu lina kanuni moja tu, na niliitunga mwenyewe: mtu akija kutafuta neno la Kiingereza, haulizwi neno hilo ni la nini. Niliitunga baada ya kinyozi mmoja wa hapa Bwiza, mtaa wetu wa Bujumbura, kutaka neno la mwanamke anayepokea zawadi zote ila hapokei posa. Darasa zima lilimgeukia, likataka kujua mwanamke ni nani, anakaa barabara ya ngapi, na zawadi zenyewe ni zipi. Kijana wa watu alikaa majuma mawili bila kutia mguu. Aliporudi nikawaambia wote kwamba hapa tunatafuta maneno, mambo ya mtu yabaki kwake. Sikujua kwamba kanuni hiyo ingekuja kunifunga mdomo mimi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nilifundisha Kiingereza katika shule za sekondari mpaka nikastaafu. Kukaa kitako kutazama wapita njia hakukunifaa. Mimi ni mtu wa kufoka, na mfokaji asiye na wanafunzi huishia kuwafokea majirani. Kwa hiyo nilipaka rangi nyeusi ukuta wa chumba cha uani, nikanunua chaki, nikamwomba mwenye baa ya jirani aniazime viti vyake mchana, wakati havina wa kuvikalia. Alikubali kwa sharti kwamba jua likianza kushuka na mishikaki ikianza kunukia, viti virudi. Ndiyo maana somo langu haliishi kwa kengele. Linaisha mhudumu wa baa anaposimama mlangoni, mikono kiunoni.

Wanaokuja wengi ni watu wazima. Wapo wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Kampala, ambao Kifaransa chao huishia mpakani. Yupo pasta mmoja ambaye kanisa lake hutembelewa na wageni, naye amechoka kutabasamu bila kujua anatabasamia nini. Na wapo Wakongo waliovuka kukimbia vita, ambao wanangoja kuitwa wapelekwe kuishi nchi za mbali, nchi za Kiingereza. Mafuta ya gari yakiadimika, kama yalivyozoea kuadimika siku hizi, wote huja kwa miguu, na wanaotoka mbali hufika na vumbi hadi magotini na Kiingereza kidogo kuliko kile walichoondoka nacho jana.

Mtindo wangu wa kufundisha niliuchukua kwenye vitendawili. Mtoto wa Burundi hukua navyo. Anayetega husema "sokwe", wenzake hujibu "niruze", ndipo anatoa fumbo lake. Darasani kwangu, asiyejua neno husimama akasema sokwe, tukamjibu niruze, naye anaeleza maana ya kile anachokitaka kwa lugha yoyote aliyo nayo, iwe Kirundi, Kiswahili, Kifaransa au mikono. Sisi tunamtafutia Kiingereza chake. Pasta alieleza uchovu wa mtu ambaye hajafanya kazi yoyote, tukampa "boredom", akaliandika haraka sana hata nikamwonea huruma. Mama mmoja alieleza ile hali ya kuingia jikoni ukasahau kilichokupeleka. Nilipekua kichwa changu, nikapekua na kamusi, nikakosa. Nilimwambia nitamletea wiki ijayo. Mimi nimeishi nikiamini kwamba kila kitu duniani kina neno lake, na anayesema hakuna ni mvivu wa kutafuta.

Mwanafunzi wangu bora ni binti Mkongo mwenye umri wa miaka kama kumi na mitano. Wenzake wakisikia maelezo hurusha maneno ovyo, mtu anatupa kumi akitumaini moja litapata. Yeye hunyamaza. Hutazama sakafu, akainua macho, akasema neno moja, na mara nyingi ndilo. Mimi humchokoza kwamba atakuja kuwa hakimu, na wote tutafungwa. Yeye hucheka kwa kufunika mdomo, kisha hubaki nyuma kunifutia ubao bila kutumwa.

Mama yake huuza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, anavyovifuata Ruziba ufukweni alfajiri na kuvitembeza Bwiza ndani ya beseni. Siku ya kwanza nilipowaona wawili hao pamoja niliwadhani mtu na mdogo wake, na nikasema, maana mdomo wangu hautangulizi akili. Yule mwanamke hakutabasamu.

"Ni mutoto yangu," alisema. "Wa kwanza na wa mwisho."

Niliomba radhi na kununua ndagala nyingi kuliko nilizohitaji.

Asubuhi moja alikuja peke yake. Binti alikuwa shuleni. Aliweka beseni kwenye kizingiti cha jiko langu, akakaa kwenye kigoda, akaanza kunisaidia kuchambua maharage kama aliyekuja kwa hilo. Tulizungumza habari za mvua na za bei. Kisha, bila kuinua macho kwenye ungo, akasema, "Sokwe."

Nilicheka. Hakuwahi kukanyaga darasani kwangu, kumbe binti humsimulia. "Niruze," nikamjibu.

"Mutu mwanamuke," akasema. "Dada yake anakufa, anaacha mutoto wa kunyonya. Ule mwanamuke naye angali mutoto. Lakini anamukamata, anamuweka mu mugongo, anakimbia naye. Anamulea. Batu bote banamuita mama ya mutoto. Kwa Kiingereza banamuita nani?"

Nilijibu papo hapo, kwa kiburi cha mwalimu. "Aunt. Kwa Kifaransa ni tante."

Mikono yake ilisimama. "Tante njo nani, Madamu? Tante ni ule anakuja kwa Noeli na biskuti, anakula, anarudi kwake. Shangazi yake ni tante. Bibi ya mujomba ni tante. Hata ule musichana wa ku baa hapa banamuita tantine. Apana. Ile neno haimutoshi."

Alisema kweli. Katika Kiswahili ni mama mdogo, na Kirundi nacho humwita mama tu. Ndugu wa kike wa mama yako ni mama yako, akiwa mkubwa wake au mdogo wake. Hakuna anayekaa akapima ni mama kwa kiasi gani. Kiingereza kimewachukua wanawake wote hao, wa upande wa baba na wa mama, wa damu na wa ndoa, kikawatia kapu moja. Nilimwambia anipe nafasi nifikiri.

Hapo akaivunja kanuni yangu mwenyewe, akanieleza neno ni la nini, na mimi nikamwacha aseme. Walikuwa wameitwa kwenye mahojiano ya wanaopelekwa ng'ambo. Waliketi bega kwa bega, yeye na binti, mbele ya mzungu na mkalimani. Wakamuuliza huyu ni nani wako. Akasema mtoto wangu. Wakamuuliza, umemzaa wewe? Akasema ndiyo. Mzungu alitazama miaka yake na miaka ya binti, akatazama tena. Kwa hesabu ile alikuwa amezaa kabla hajavunja ungo. Hawakugomba. Walisema tu kwamba mama na binti warudi Jumanne, na safari hii kila mmoja ataulizwa peke yake.

"Sasa juu ya nini ulisema umemuzaa?" nilimuuliza, na nadhani nilimfokea.

"Alikuwa ameikala hapa," akasema, akipiga paja lake la kushoto. "Hapa, Madamu. Nitasema sikumuzaa, yeye anasikia?"

Kisha alinieleza mambo ya kwao, milimani juu ya Uvira. Walipomaliza kumzika dada yake, nyanya yao alikifunga kile kichanga mgongoni kwake kwa kitenge cha marehemu, akasema mbele ya watu kwamba mtoto huyu ana mama. Basi. Baada ya hapo hakuna mtu wa ukoo anayelisema jambo lile tena mtoto akiwepo. Maneno "sikukuzaa" husemwa na mtu mmoja tu, naye ni yule anayemfukuza mtoto nyumbani. Hata akisema kwa upole, hata akieleza sababu, ameshafukuza. Kwa hiyo mbele ya mzungu alifanya kile ambacho mama yeyote wa kwao angefanya, na kwa macho ya ofisi amekuwa mwongo, au mtu aliyeiba mtoto wa watu.

Jumanne alitaka kusema kweli. Angekuwa peke yake, binti asingesikia. Ila aliogopa mkalimani. Yule wa kwanza alikuwa na haraka, na kila alichosema yeye kwa maneno mengi, mkalimani alikitoa kwa maneno mawili. Alitaka neno moja la Kiingereza alitoe kwa mdomo wake mwenyewe, lisipite kwa mtu. Neno likiwa dogo sana, binti angeonekana wa mbali kwake, wangeweza kumwacha nyuma. Neno likiwa kubwa sana, angekuwa amedanganya mara ya pili. Kijana mmoja mwenye simu alikuwa amekwisha mtafsiria mama mdogo, simu ikasema "small mother". Neno lile lilikuwa limempendeza.

"Ni neno ya kuchekesha," nilimwambia. "Batafikiri unasema habari ya kimo."

Tulimaliza maharage yote tukitafuta. "Stepmother" nililitaja nikalirudisha mwenyewe, kwa maana huyo ameolewa na baba, na huyu baba hata hajulikani alipo. Kuna neno la wanaolea mtoto kwa muda, wakamrudisha, na alipolielewa alilisukuma kwa mkono kama nzi. Kuna neno la aliyemwasili mtoto, lakini hilo hudai karatasi za hakimu, na kule milimani hakimu alikuwa nyanya na karatasi ilikuwa kitenge. Kila neno nililompa lilikuwa na kasoro, na kila alipolikataa alinieleza zaidi, mpaka nikajua mtoto alianza kutembea wapi, na homa gani ilikaribia kumchukua, na jinsi yeye mwenyewe, akiwa msichana mdogo, alivyomweka kwenye titi lisilotoka kitu, ili tu anyamaze watu wenye silaha wapite. Nilikuwa nikiuma midomo. Sikuzoea kushindwa, na sikuzoea kutaka kulia mbele ya mtu anayeuza ndagala.

Alipoinuka kwenda alinishika mkono. "Mutoto asijue, Madamu. Ni hiyo tu naomba. Akijua, nitakuwa nimemufukuza mbele ya kumupeleka."

Nikaahidi. Ahadi ni deni, na mimi nilikopa bila kufikiri.

Siku mbili baadaye, darasa lilipokwisha, binti alibaki kufuta ubao. Alifuta taratibu sana, akarudia mahali palipokwisha kutakata. Akasema, "Sokwe, Madamu."

"Niruze."

"Mutu anajua kitu. Anajifanya hakijui. Lakini haiko muwongo. Anafanya vile kwa heshima."

Nilimpa neno la kujifanya, akasema hilo ni la watoto wanaocheza. Nilimpa neno la mtu mwenye siri, akasema siri si yake. Nilimpa neno la mtu mwenye busara ya kunyamaza, akalifikiria, akatikisa kichwa.

"Sikia muzuri," akasema. "Uko unaikala na mutu. Yeye anakuficha kitu. Wewe umeshakijua. Sasa wewe nawe unamuficha kwamba umekijua, ili asiumie. Ile ya pili njo minatafuta."

Nilikaa kwenye kiti cha baa. Nilitaka kumuuliza, na kanuni yangu ikanitazama usoni. Nikasema silijui neno hilo, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Na mutu anashika jibu moja," akaendelea, bado amenipa mgongo, "hata bamuulize mara ngapi, peke yake, bila mutu wa kumusaidia. Haachii. Haiko kichwa ngumu. Ni kitu kizuri."

"Firm," nikamwambia.

Akalirudia polepole, akaniaga, akaenda zake. Mimi nilibaki pale nikiwa nimeelewa yote na sina ruhusa ya kuelewa hata moja. Jumanne mama angeingia chumba kimoja aseme, sikumzaa, ni mtoto wa dada yangu. Binti angeingia chumba kingine aseme, amenizaa, ni mama yangu, na angeshikilia hivyo hata wamuulize mpaka jioni. Kila mmoja akimlinda mwenzake. Mzungu angeyaweka majibu hayo mawili mezani, angeona watu wawili wasioaminika. Safari ingekatika, na huenda wangemchukua binti pembeni kumchunguza ametoka wapi. Niliwakasirikia wote wawili. Nilikikasirikia na Kiingereza.

Kesho yake nilimfuata yule mama barabarani, anapokaa na beseni lake karibu na maduka ya vitenge. Nilikuwa nimeahidi kutomwambia mtoto, na sikumwambia. Lile la mtoto nalo sikuwa na ruhusa ya kumwambia mama. Nilichuchumaa, nikachagua ndagala ambazo sikuwa na haja nazo.

"Neno yako nimeikosa," nilimwambia. "Lakini darasa yangu iko na vichwa kuliko mimi. Njoo siku ya posho. Simama useme sokwe. Hakuna mutu atakuuliza ni ya nini."

"Na mutoto?"

"Atakuwa. Siwezi kukudanganya. Yeye njo anajua maneno kuliko bote."

Alinitazama kama niliyemtemea mate. Akasema hawezi, akafunika ndagala kwa kitambaa ingawa jua lilikuwa bado juu.

"Dada, nisikie," nikasema, na safari hii sikufoka. "Utasema ile neno Jumanne. Baada ya pale batamuuliza mutoto: ule mwanamuke amesema hivi, unajua? Atasikia tu. Atasikia ku mudomo ya mukalimani, mu chumba ya bageni, wewe hauko. Unapenda asikie kwa nani?"

Nilijiinua kwa kushika goti, nikaenda zangu nikijiona mjinga wa wajinga. Usiku ule sikumbuki nilichokula.

Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita, darasa lilijaa. Kinyozi alikuwepo, pasta alikuwepo, binti alikaa pale anapokaa, karibu na dirisha. Tulikuwa tumefika katikati ya somo la masoko niliposikia beseni likiwekwa chini nje. Mama yule aliingia, akasimama kando ya mlango. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Binti alimwona, akakaa wima.

"Huyu ni mugeni wetu," nikasema. "Yuko na neno anatafuta."

"Sokwe," akasema, kwa sauti ndogo.

"Niruze," darasa likajibu, wote isipokuwa mmoja.

Alieleza kama alivyonieleza jikoni, ila safari hii hakumtazama mtu yeyote, aliutazama ukuta mweusi. Dada anakufa. Anaacha mtoto. Msichana mdogo anamfunga mgongoni. Alipofika hapo darasa lilikuwa limeshaanza kurusha maneno kama kawaida yake, maana hawakujua wanarushia nini. Kinyozi akasema "stepmother". Pasta akasema "guardian", na wawili watatu wakacheka, kwa kuwa kwa Kifaransa chetu gardien ni zamu, yaani mlinzi wa getini.

"Haiko zamu," mama akasema. "Zamu anachunga nyumba ya mutu mwengine. Huyu anachunga yake."

Kicheko kikaisha. Nadhani pasta ndiye aliyekuwa wa kwanza kufahamu, kwa kuwa alifunga daftari lake na kuweka mikono juu ya magoti. Kinyozi alimtazama mama, akamtazama binti, akainamisha kichwa. Hakuna aliyeuliza. Katika maisha yangu yote ya kufundisha sijawahi kujivunia darasa kama nilivyojivunia lile kwa dakika ile.

Binti alikuwa akitazama sakafu. Tulimngoja, kama tunavyomngoja siku zote. Alipoinua macho hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi.

"Aunt," akasema.

"Apana," mama akasema haraka. "Hiyo Madamu alishanipa. Ni tante. Haitoshi."

"Haitoshi," binti akasema. "Najua haitoshi. Lakini njo hiyo bale batasikia. Ukibapa ingine, hawatakuamini. Ukisema ile, na mimi nikisema ile ile, batatuacha pamoja."

Mama alisogea hatua moja mbele, akashika mgongo wa kiti cha mtu.

"Ulijua?"

"Najua."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu Gatumba. Wakati mayi ilipanda, tukalala mu mahema. Ule mumama mukongomani, muzee, aliniona, akasema kumbe mutoto ya marehemu amekomaa. Ulikuwa umeenda kutafuta chakula."

Gatumba, kule karibu na mpaka, ilifurika binti huyu angali mdogo. Nilipiga hesabu ya miaka kimoyomoyo, nikaiacha njiani. Kwa muda wote huo alikuwa amekaa na jambo lile nyumba moja na mama yake, chumba kimoja, kitanda kimoja, na kila mmoja akilala kwa uangalifu asimwamshe mwenzake.

"Juu ya nini haukuniambia?" mama akauliza.

"Ungefikiri nimekufukuza," binti akasema.

Pasta aliinuka. Alichukua kiti chake, akakiinua, akatoka nacho uani kukirudisha baa, ingawa mhudumu alikuwa hajafika kutudai. Kinyozi akamfuata na cha kwake. Wakatoka mmoja mmoja, kila mtu na kiti chake kichwani au begani, hakuna aliyeaga kwa sauti. Mimi sikuwafuata. Nilikaa kwenye ndoo yangu ya chaki, nikalia bila kujificha, na hakuna aliyeniuliza ni ya nini.

Mama hakulia. Alikuwa amesimama pale pale, ameshika hewa mahali kiti kilipokuwa. Binti alimwendea. Alimtengeneza kitenge begani, kama mtu anayemwandaa mwenzake kwenda mahali, akasimama mbele yake uso kwa uso. Walikuwa sawa kwa kimo.

"Jumanne batakuuliza wewe kwanza," akamwambia. "Sema hivi: I am her aunt."

Mama alifungua mdomo. Akafika katikati, na midomo yake ikaenda kwenye neno lingine la Kiingereza, lile ambalo hata asiyesoma analijua. "I am her mother," akasema.

"Apana," binti akasema taratibu. Alikuwa amemshika mikono yote miwili, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyafuta. "Rudia, mama."